Dar hadi Guangzhou: kilometa ni zilezile, saa ndizo zinazogomba

SWALI: Shikamoo mzee wa ndege. Nina duka la mikoba Kariakoo, na mwezi wa nne naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kufuata mzigo mwenyewe. Nimetafuta umbali mtandaoni nikapata namba tatu: 8,711, 5,413 na 4,704. Ipi ya kweli? Halafu tiketi yangu inapita Addis Ababa. Kwenda: naondoka Dar Jumatatu 17:05, nafika Addis 19:50, naondoka tena 23:55, nafika Guangzhou Jumanne 14:40. Kurudi: naondoka Guangzhou Jumapili 00:25, Addis 06:20, naondoka 10:15, nafika Dar 12:55 Jumapili hiyohiyo. Nikihesabu, kwenda ni saa 21 na dakika 35, kurudi ni saa 12 na nusu tu! Mume wangu anasema ni kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki: ukienda China inakukimbia, ukirudi Dar inakufuata. Dada wa wakala anasema safari ya kwenda ni saa 16 na nusu. Nani mkweli? — Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dada wa wakala yuko sahihi. Mumeo amekosea, ila kosa lake ni la mtu anayefikiri, kwa hiyo usimcheke mpaka nifike mwisho. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa ofisini uwanja wa ndege na kumwandalia rubani mpango wa safari: apite njia gani, abebe mafuta kiasi gani, upepo ukoje huko juu. Hesabu kama hizi zako ndizo zilizonilisha.

Nianze na namba tatu, maana hizo ni rahisi. Zote ni za kweli, na zote ni umbali uleule. Ya kwanza ni kilometa. Ya pili ni maili za kawaida, zile za Wamarekani na Waingereza. Ya tatu ni maili za baharini, ambazo marubani na manahodha wanazitumia, na moja ni kilometa 1.852. Ni kama kupima kitambaa kimoja kwa mita, kwa yadi na kwa pima. Wewe shika kilometa 8,710 uache nyingine.

Ila ujue namba hiyo inapima nini. Inaanzia uwanja wa Julius Nyerere na kuishia uwanja wa Baiyun kwa njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia, kama vile ungefunga uzi kwenye chungwa ukauvuta ukakaza. Uzi huo ukiufuata kutoka Dar, unaelekea kaskazini mashariki, unakata Bahari ya Hindi, unawaacha Maldives upande wa kulia, na nusu ya safari inakukuta baharini, karibu na pwani ya Kerala, si mbali na Kochi. Halafu kusini mwa India, Ghuba ya Bengal, Myanmar, vilima vya Laos na Vietnam, mpaka China.

Hapa vijiweni watu hupenda kuonyesha ujuzi, wakuambie ndege hupinda kwa sababu dunia ni duara. Ni kweli, na kwa mtu anayetoka New York kwenda Hong Kong kupinda huko kunampitisha karibu na ncha ya kaskazini. Kwa safari yako hakuna uzito wowote. Niliwahi kupiga hesabu ya Dar na Guangzhou kwa njia zote mbili, ile ya kupinda na ile ya kushika mwelekeo mmoja wa dira bila kuubadili. Tofauti haifiki hata kilometa 20, sawa na kutoka Kimara kwenda mjini na kuchepuka kidogo. Sisi tuko karibu na ikweta, na Guangzhou nayo haiko kaskazini sana, ndiyo maana.

Lakini wewe hupiti njia hiyo. Unapita Addis. Dar hadi Addis ni kilometa kama 1,760, na Addis hadi Guangzhou ni kama 8,040. Jumla 9,800. Umeongeza kilometa 1,090 hivi juu ya ile njia ya uzi. Na kwa kuwa najua utaniuliza: ungepita Dubai ungepata 9,800 vilevile, karibu sawasawa, ingawa kwa macho kwenye ramani Dubai inaonekana iko njiani kabisa na Addis inaonekana kama unakwenda pembeni. Doha ingekuwa kama 10,000. Kwa hiyo anayekwambia ukate tiketi ya Dubai kwa sababu ni karibu zaidi, mwambie alete sababu nyingine. Bei, kilo za mzigo, muda wa kusubiri, hizo ni sababu. Kilometa siyo.

Sasa tuingie kwenye saa, maana huko ndiko kwenye mzozo wenu wa nyumbani.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. 17:05 ni saa ya Dar, 14:40 ni saa ya Guangzhou. Hakuna shirika la ndege linaloandika vinginevyo. Dar na Addis wanatumia saa ileile, saa tatu mbele ya ile saa ya dunia ambayo kila mtu anahesabia. China yote, pamoja na ukubwa wake wote, inatumia saa moja, nane mbele. Tofauti yetu na wao ni saa 5, mwaka mzima, kwa sababu sisi hatusogezi saa majira ya joto na wao hawasogezi. Dar ikipiga adhuhuri, Guangzhou ni saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo ulipotoa 17:05 kwenye 14:40 ya kesho yake ukapata saa 21 na dakika 35, ulichanganya saa mbili zisizofanana. Ni kama kununua kwa yuani ukauza kwa shilingi, ukajumlisha bila kubadili fedha. Ondoa zile saa 5 ambazo Guangzhou wametangulia: zinabaki 16 na dakika 35. Ndiyo namba ya dada wa wakala. Kurudi, ziongeze: 12 na nusu, jumlisha 5, unapata 17 na nusu. Unaona? Kurudi ndiko kurefu, kwa karibu saa nzima. Mumeo aliona saa 12 akadhani Dar imekuja kukupokea njiani. Saa ndiyo iliyorudi nyuma. Dar ilikaa palepale.

Mumeo naye anielewe vizuri, maana hoja yake nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Dunia inazunguka kwenda mashariki, sawa. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja nayo, na ndege inaogelea ndani ya hewa hiyo. Chukua nzi aliyeingia kwenye daladala pale Gerezani. Daladala linakimbia Barabara ya Nyerere, nzi anaruka kutoka kwa dereva mpaka kiti cha nyuma na kurudi mbele kwa konda. Je, akienda nyuma anafika haraka na akirudi mbele anachelewa? Hapana, anaruka vilevile, maana hewa ya ndani inakwenda na gari. Ingekuwa dunia inateleza chini ya ndege, rubani angepaa Dar, akasimama hewani saa chache, akasubiri Kinshasa ije chini yake. Mafuta yangekuwa rahisi sana.

Ila kuna kitu kinachofanya kwenda na kurudi visiwe sawa, na hapo ndipo mumeo alipokaribia ukweli: upepo. Siyo ule wa chini. Sisi watu wa Pwani tukisikia upepo tunawaza kaskazi na kusi, zile pepo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na India na kuyarudisha. Ndege kubwa hukaa kilometa 10 hadi 12 juu, na huko upepo una tabia zake. Upande wa kaskazini mwa India na kusini mwa China, hasa kati ya Desemba na Machi, na bado kwa kiasi mwezi wa nne, kuna mto wa hewa unaokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ukienda China unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni.

Tazama tiketi yako kipande cha Addis na Guangzhou peke yake. Kwenda: 23:55 hadi 14:40, ondoa 5, ni saa 9 na dakika 45. Kurudi: 00:25 hadi 06:20, ongeza 5, ni saa 10 na dakika 55. Tofauti dakika 70. Mkae mezani na mumeo mpige hesabu. Ndege ya namna hiyo hukata hewa kwa kilometa kama 900 kwa saa. Upepo wa mgongoni ukiwa wastani wa kilometa 60 tu, juu ya ardhi inakwenda 960, na zile 8,040 inazimaliza kwa saa 8 na dakika 20 hivi. Upepo uleule ukiwa wa usoni, inabaki 840, inatumia saa 9 na nusu na kidogo. Tofauti ni dakika 70 na ushee. Kilometa 60 kwa saa ni mwendo wa daladala barabara ikiwa nyeupe, wala siyo upepo wa kutisha.

Kuanzia Juni mpaka Septemba mambo hubadilika. Ule mto wa hewa huhamia kaskazini, ng'ambo ya milima ya Himalaya, na juu ya India kusini hujitokeza upepo mwingine wa juu unaotoka mashariki. Miezi hiyo ratiba za kwenda na kurudi hukaribiana. Kwa hiyo jirani yako aliyesafiri Agosti akikwambia hakuona tofauti, msiingie kwenye ugomvi.

Utaniuliza, kama hewani ni saa 8 na dakika 20, tiketi inaandika 9 na dakika 45 kwa nini? Kwa sababu muda wa tiketi hauanzi ndege inapopaa. Unaanza inaposukumwa kutoka pale ilipoegeshwa na unaisha inapofika kwenye maegesho ya kule. Katikati kuna kutembea chini mpaka kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda taratibu mpaka juu kwa mwendo ambao bado siyo 900, kufuata barabara za angani ambazo hazinyooki kama uzi wa kwenye chungwa, kushuka, kuzungushwa na waongoza ndege kama kuna msongamano, halafu kutembea tena chini. Baiyun ni uwanja mkubwa, kule chini peke yake ni safari. Na mashirika huongeza akiba kidogo ili yakifika yasihesabiwe yamechelewa. Ukisikia rubani anatangaza mtafika dakika 20 kabla ya wakati, mara nyingi ni akiba hiyo.

Ndiyo maana kugawanya kilometa kwa 900 hakukupi jibu, na kadiri safari inavyokuwa fupi ndivyo hesabu hiyo inavyodanganya zaidi. Dar na Zanzibar, uwanja kwa uwanja, ni kilometa kama 73. Kwa 900 ni dakika 5. Aliyewahi kuruka kwenda Zanzibar kwa dakika 5 ajitokeze. Kwa safari ndefu, gawanya kwa 900 halafu ongeza saa moja au moja na nusu, hutakosea sana.

Kwa mfano ile ya moja kwa moja. Air Tanzania wanaruka Dar na Guangzhou bila kituo kwa Boeing 787-8, zile Dreamliner ambazo ya kwanza ilitua hapa Julai 2018. Ndege hiyo ina uwezo wa kwenda kilometa 13,000 na zaidi, kwa hiyo 8,710 haiihangaishi. Gawanya kwa 900: saa 9 na dakika 40. Ongeza ya kwangu, unakuta saa 10 na dakika 40 hadi 11 na dakika 10. Ungeokoa kama saa 6 kwa kila upande. Kwa mtu anayekwenda kununua mzigo, saa 6 ni karibu siku ya soko. Tatizo lake ni kwamba haipo kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo tarehe zako zikikataana nayo huna la kufanya. Safari ijayo, anza kwa kuangalia siku zake ndipo upange miadi na wauzaji, usifanye kinyume. Na linganisha kilo za mabegi kabla ya bei. Wewe unarudi na mikoba ya sampuli, siyo mkono mtupu.

Sasa jambo lililonifanya nikujibu haraka kuliko wengine wanaosubiri. Tazama tena tiketi ya kurudi: Jumapili 00:25.

Shemeji yangu mmoja alikuwa na tiketi ya namna hiyo, si ya Guangzhou, mji mwingine. Akasoma "Jumapili usiku". Jumamosi akazunguka madukani, Jumapili akalala mpaka mchana, akafunga mabegi kwa utulivu, jioni akaaga wenyeji wake, akafika kaunta saa tatu usiku akiwa wa kwanza kwenye foleni, anajipongeza. Binti wa kaunta akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena. Ndege ilikuwa imeondoka jana yake usiku. Tiketi mpya aliinunua kwa bei ambayo mpaka leo hajamtajia dada yangu.

Siku ya tiketi inaanza saa sita kamili usiku, ndiyo 00:00. Dakika 25 baadaye tayari ni Jumapili kwa karatasi, ingawa kwa macho yako bado ni Jumamosi usiku na watu hawajalala. Wazee wetu wa Pwani wasingekosea hapa. Kwao usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumapili ni ule wa kuamkia Jumapili. Sisi wa siku hizi ndio tuliogeuza, tunasema "Jumapili usiku" tukimaanisha baada ya mchana wa Jumapili. Kwa hiyo andika hivi kwa mkono wako: JUMAMOSI saa tatu usiku niwe uwanjani Baiyun. Mwambie na mwenyeji wako kule, maana naye anaweza kukwambia ulale.

Na kwa kuwa tiketi zinaandika saa ya Kizungu na wewe kichwani una saa yetu, nikugeuzie zote. Jumatatu unaondoka Dar saa kumi na moja na dakika tano jioni, unafika Addis saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Unaondoka Addis saa sita kasoro dakika tano usiku, na Jumanne unafika Guangzhou saa tisa kasoro dakika ishirini alasiri ya kule, ambayo nyumbani ni saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi. Kurudi: saa sita na dakika ishirini na tano usiku wa kuamkia Jumapili, Addis saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, unaondoka saa nne na robo, Dar saa saba kasoro dakika tano mchana. Addis utajisikia nyumbani kidogo, maana Wahabeshi nao katika mazungumzo huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Lakini ubao wa uwanjani unaandika kama tiketi. Ukiuliza mtu, mwombe akuonyeshe kwa kidole ubaoni.

Kwenye ndege ya usiku kutoka Addis usisubiri sinema. Kula kidogo ulale palepale, kwa sababu mnalifuata jua linakotokea, na usiku unakatwa. Saa ya mkononi ikiwa bado ya Dar, jua litachomoza karibu saa kumi usiku, mkiwa mnaikaribia India. Watafungua madirisha, mwanga utaingia, na mwili wako utakuwa bado unaamini ni usiku wa manane. Simu itajibadilisha yenyewe ukiwasha mtandao China. Saa ya mkononi isogeze wewe, saa 5 mbele, ukiwa bado umekaa kitini.

Kabla ya yote hayo kuna kipande ambacho hakuna tovuti inayokihesabu: Kimara hadi uwanja wa ndege. Mwezi wa nne ni masika. Ukipitia Ubungo, Buguruni, mpaka Tazara, siku kavu utafika vizuri. Mvua ikinyesha asubuhi, Barabara ya Mandela inajaa malori mpaka unatamani kushuka utembee. Ndege ya saa kumi na moja jioni inataka uwe uwanjani saa nane mchana. Toka nyumbani saa sita. Ukiwahi, kakae.

Hakikisha pia vipande vyote viko kwenye tiketi moja, namba moja ya kumbukumbu. Hapo begi litapokelewa Dar na utalikuta Guangzhou, na ndege ya kwanza ikichelewa ni mzigo wa shirika kukutafutia nyingine. Ukiuziwa tiketi mbili tofauti kwa sababu ni nafuu, zile saa 4 na dakika 5 za Addis zinakuwa zako peke yako, kwa heri na kwa shari.

Na watoto, kama wanabaki na baba yao: ukimaliza kuzunguka madukani na kurudi hotelini saa nne usiku, Kimara ni saa kumi na moja jioni, wameshatoka shule. Piga wakati huo. Ukisubiri asubuhi ya Guangzhou saa mbili, utawaamsha saa tisa usiku.